Bosi Ameniweka Niwachungulie Wenzangu, Sasa Nimeona Nisichopaswa Kuona

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ndiye mtu wa kompyuta ofisini kwetu. Tuko wafanyakazi sitini na ushei, na idara nzima ya TEHAMA ni mimi peke yangu. Printa ikigoma naitwa mimi, mtu akisahau nywila naitwa mimi, intaneti ikizubaa lawama ni zangu. Kazi naipenda. Watu wananiamini, wananiachia kompyuta zao zikiwa wazi na kwenda zao, kwa sababu wanajua nitatengeneza kilichoharibika na kuondoka.

Miezi minne iliyopita mkurugenzi aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Akasema orodha ya wateja wetu imefika kwa washindani. Juu ya hilo, anaamini watu wanalipwa kwa kukaa tu, hasa zile siku wanazofanyia kazi nyumbani. Alikuwa ameshanunua programu ya kufuatilia kompyuta, akataka niiweke kwenye mashine zote za ofisi bila mtu yeyote kujua. Alisema wakiambiwa watajirekebisha wiki mbili halafu watarudi palepale. Sikubisha. Nilijibu sawa bosi, nikabaki jioni ile hadi wote walipoondoka, nikaiweka kwenye mashine moja baada ya nyingine.

Programu hiyo inapiga picha ya skrini kila baada ya dakika tano. Inaandika kila tovuti iliyofunguliwa na muda mtu aliokaa humo. Inahesabu dakika ambazo kibodi au kipanya kimeguswa, kisha inampa kila mtu asilimia ya muda wa kazi. Ilikuja pia na kipengele cha kunasa kila herufi inayochapwa, na kilikuwa kimeshawashwa tangu mwanzo. Mkurugenzi hakukiomba, nami sikukizima. Kila Jumatatu namtengenezea jedwali: majina upande huu, asilimia upande ule, kuanzia wa juu hadi wa mwisho.

Mara ya kwanza nilipofungua picha nilijiambia nahakikisha tu kwamba programu inafanya kazi. Mara ya pili sikuwa na sababu hiyo. Nimeona maombi ya kazi kwingine, ugomvi wa wanandoa, na madeni. Nimeona nywila ya akaunti ya benki ya mtu ninayemsalimia kila asubuhi, imeandikwa herufi kwa herufi.

Kisha nikaona habari za rafiki yangu. Tunakaa meza jirani, tumeanza kazi mwaka mmoja. Picha ya kwanza ilikuwa majibu ya vipimo vyake. Ya pili ilikuwa mazungumzo na ndugu yake, akimwomba asimwambie mama yao. Siandiki ni ugonjwa gani, maana hata kwako siyo siri yangu ya kutoa. Nilielewa papo hapo kwa nini miezi hii anatoka mapema siku fulani na kurudi amechoka. Nami ndiye niliyekuwa nikimtania kwamba siku hizi amekuwa mvivu.

Tatizo ni jedwali. Mkurugenzi amesema watatu wa mwisho watapewa barua za onyo mwisho wa mwezi, na rafiki yangu ni wa tatu kutoka chini. Ameniagiza nimpelekee faili lote la hao watatu, pamoja na picha, wiki ijayo. Wa kwanza kwenye jedwali, mwenye asilimia 97, ana kidude mezani kinachosogeza kipanya chenyewe. Nimekiona. Mama mmoja anayeandaa mikataba, ambaye sote humkimbilia tukikwama, ana asilimia 41 kwa sababu husoma karatasi na kuzungumza na wateja kwa simu.

Nimwambie rafiki yangu kwamba tunachunguliwa? Nikimwambia, nitamwambiaje bila kujulikana kwamba nimeona? Je, naweza kukataa kutoa lile faili, au kompyuta ni mali ya kampuni na kila kilichomo ni chake? Nimefikiria kufuta kila kitu usiku mmoja na kusema seva imeharibika. Nimefikiria pia kuacha kazi. Sili vizuri, na siku hizi rafiki yangu akinisalimia naangalia chini.

Mimi,
Mwenye Macho Asiyetaka Kuona

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile la hatari kuliko yote: usifute kitu usiku, wala usiseme seva imeharibika. Mkurugenzi alikuwa na haki ya kuuliza habari za wizi wa orodha ya wateja. Ukifuta, yatakayokumbukwa ni kwamba mtu wa kompyuta aliharibu ushahidi kisha akadanganya. Hakuna atakayesikiliza neno lako kuhusu faragha ya mtu baada ya hapo. Vilevile usijitengenezee nakala ya kwenda nayo nyumbani, hata kwa nia ya kujilinda. Zile picha zimezidi tayari kwa kuwapo mahali pamoja.

La pili lifanye leo. Kile kipengele cha kunasa herufi kizime. Umesema mwenyewe hakuna aliyekiomba, kwa hiyo humvunjii mtu agizo. Andika tarehe na saa uliyokizima na sababu yake. Sababu unaijua kuliko mimi: mmekusanya nywila za watu sitini kwenye chungu kimoja, za kazi na za benki zao binafsi, na yeyote atakayeingia humo, awe mdukuzi wa nje au mtu wa ndani mwenye tamaa, atakuwa na ufunguo wa kila mlango. Mkurugenzi aliogopa orodha moja kuvuja. Programu aliyoinunua imemjengea ghala la mambo ya kuvuja, na pesa ya mtu ikipotea benki kesho, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe.

Sasa rafiki yako.

Usimwambie ulichokiona. Najua moyo unakusukuma ukamwombe radhi na kumwambia pole. Lakini fikiria atakachopokea. Atajua kwamba wewe unajua, atajiuliza nani mwingine anajua, na kuanzia hapo kila ukimtazama atahisi unautazama ugonjwa wake. Wewe utakuwa umeutua mzigo, yeye atakuwa ameubeba. Yeye mwenyewe amechagua nani ajue, na hata mama yake hayumo. Siri hiyo umeipata kwa njia isiyo halali kwako, na kuimiliki hivyo hakukupi haki ya kuifungua, hata mbele yake. Ikiwa siku moja atakuambia kwa hiari yake, mpokee kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Nasema hivi nikiwa nimewahi kuubeba mzigo kama huu. Nilikuwa ofisa utumishi kwa miaka mingi, na mwaka mmoja bosi wangu aliniwekea mezani bunda la barua pepe za mfanyakazi mmoja, zimechapwa, nizisome na kutafuta kosa la nidhamu. Nilizisoma zote. Kosa la kazi halikuwamo. Kulikuwa na mama mzima aliyekuwa akimsihi mumewe arudi nyumbani. Nilirudisha bunda nikasema hakuna kitu, na hakuna lililompata. Lakini kila nilipokutana naye kwenye ngazi, maneno yake yalikuwa yakijisoma kichwani mwangu, naye hakujua. Sikumwambia hadi nastaafu. Naamini nilifanya sawa kunyamaza. Kosa langu ni kwamba nilisoma hadi ukurasa wa mwisho, wakati ukurasa wa pili ulitosha kuniambia hayanihusu.

Kwa hiyo acha kutazama. Usifungue picha ya mtu yeyote kuanzia leo, hata ya yule mwenye kidude.

Kuhusu kujulikana kwamba kompyuta zinafuatiliwa, hilo ni jambo jingine kabisa na halipaswi kuwa siri ya rafiki yako peke yake. Wafanyakazi wote wanastahili kuambiwa, na anayepaswa kuwaambia ni mwajiri. Kazi yako ni kumsukuma mkurugenzi alifanye, nami nitakuonyesha jinsi. Lakini wiki hii hii, kabla hajajibu, unaweza kufanya jambo lililo ndani ya kazi yako: watumie wote tangazo la kawaida la usalama. Waambie kompyuta ya ofisi ihesabiwe kuwa ni chombo ambacho ofisi inaweza kukiona, kwa hiyo mambo ya hospitali, benki na familia yafanyiwe kwenye simu zao na kwa intaneti yao wenyewe. Waeleze pia lile ambalo wengi hulikosea. Kufungua dirisha la faragha kwenye kivinjari kunazuia tu kompyuta isihifadhi historia ya kurasa. Hakuzuii programu ya kupiga picha skrini. Na mazungumzo yaliyofichwa kwa usimbaji yakiwa njiani, yakishafika kwenye skrini husomeka kama gazeti. Kila neno hapo ni kweli, na kila mtu wa kompyuta mwenye dhamira angelisema hata kama programu hiyo isingekuwapo.

Usijidanganye tu kwamba tangazo hilo limemaliza kazi. Linamlinda rafiki yako kuanzia kesho. Miezi minne iliyopita bado imo kwenye seva.

Umeuliza kama kompyuta ikiwa mali ya kampuni basi kila kilichomo ni chake. Wakurugenzi wengi huamini hivyo, na liko jambo la kweli ndani yake: mashine ni yao, muda wa kazi wanaulipia, na wana haki ya kulinda biashara. Ila mali ya meza haimfanyi mwenye meza kuwa mmiliki wa barua uliyoiandikia juu yake. Ipo kesi moja ambayo nataka uisome, kwa sababu inafanana na hii yenu hadi inatisha.

Ni kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Mhandisi aliyesimamia mauzo aliambiwa na kampuni yake afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kuwajibu wateja. Kanuni za kampuni zilikataza kutumia kompyuta kwa mambo binafsi, na alizijua. Julai 2007 kampuni ilifuatilia mazungumzo yake kwa siku kadhaa, kisha ikamuuliza. Akakana kwa maandishi kwamba aliitumia kwa mambo yake. Wakamwekea mezani kurasa 45 za maneno yake mwenyewe, alivyoongea na kaka yake na mchumba wake, mengine ya afya yake na ya chumbani. Akafukuzwa. Mahakama za nchini kwake zikasema sawa. Mwaka 2016 majaji wa awali wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nao wakasema sawa. Hakukata tamaa, na tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la mahakama hiyo, kwa kura 11 dhidi ya 6, likaamua kwamba haki yake ya maisha binafsi haikulindwa.

Angalia majaji walisimama juu ya nini. Hawakusema mwajiri haruhusiwi kufuatilia. Waliuliza kama mfanyakazi aliambiwa mapema kwamba atafuatiliwa, kwa namna gani na kwa kina gani. Waliuliza kama kulikuwa na sababu nzito ya kusoma maneno yenyewe. Waliuliza kama haikuwezekana kupata jibu kwa njia isiyoingia ndani kiasi hicho, na adhabu iliyomkuta ilikuwa kubwa kiasi gani. Wakasema pia kwamba maagizo ya mwajiri hayawezi kuyafuta kabisa maisha binafsi ya mtu kazini. Kumbuka huyu mhandisi alikuwa anajua katazo, na bado mahakama ilitofautisha kati ya kukatazwa kufanya jambo na kuambiwa kwamba unatazamwa. Kwenu hata katazo hujalitaja.

Uamuzi huo ni mwongozo kwa nchi za Baraza la Ulaya tu, na sheria hutofautiana. Marekani, sheria ya shirikisho ya mawasiliano ya mwaka 1986 humpa mwajiri nafasi kubwa, lakini jimbo la New York tangu Mei 2022 linamtaka amjulishe mfanyakazi kwa maandishi anapoajiriwa na kupata uthibitisho wake. Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Ukizisoma hizi za ulinzi wa data utakuta uzi mmoja unapita: mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, zichukuliwe zile tu zinazohitajika kwa ajili hiyo, zisikae kupita haja, na habari za afya zipewe ulinzi wa juu kuliko nyingine. Tafuta ya nchi yako uisome mwenyewe kabla hujaingia tena kwa mkurugenzi. Ukipata mwanasheria wa kampuni wa kukusaidia kuisoma, heri zaidi.

Kuhusu afya, nina mfano ambao ungemwamsha mkurugenzi yeyote anayejali jina la kampuni yake. Kwenye kituo kimoja cha huduma cha kampuni ya nguo ya H&M huko Nuremberg, Ujerumani, wasimamizi walikuwa na desturi ya kuzungumza na mtu anayerudi kutoka likizo au kuugua, kisha wanaandika: dalili za ugonjwa, alichoambiwa na daktari, matatizo ya familia, hata imani ya dini. Maandishi hayo yalitunzwa kwenye kompyuta za kampuni na yaliweza kusomwa na wasimamizi hadi 50. Oktoba 2019, kwa kosa la mipangilio tu, yakawa wazi kwa kampuni nzima kwa saa kadhaa. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa data ya Hamburg ikaitoza kampuni euro milioni 35.3. Hapakuwa na mdukuzi aliyevunja mlango. Mtu mmoja alikosea mipangilio, kama wewe au mimi tunavyoweza kukosea siku tukiwa tumechoka. Seva yako leo ina majibu ya vipimo vya hospitali.

Basi nenda kwa mkurugenzi, na usiende kumhukumu. Ana shida ya kweli na programu imeshindwa kuitatua. Miezi minne imepita. Je, amempata aliyetoa orodha ya wateja? Barua yako haisemi amempata. Mwambie hilo kwa upole, kisha mpe njia iliyo bora. Orodha ile iko kwenye faili au mfumo fulani. Kumbukumbu za seva zinaweza kuonyesha nani aliifungua, saa ngapi, na nani aliipakua yote kwa mkupuo. Unaweza kupunguza walio na ruhusa ya kuifikia, ukafunga kunakili kwenye flashi, ukaweka tahadhari pale kiambatisho kikubwa kinapotoka kwenda nje. Hayo yote yanalenga faili. Hayana haja ya skrini ya mtu anayezungumza na ndugu yake. Hapo utakuwa umemletea anachokitaka kuliko alivyokiomba, nawe utaongea kama mtaalamu. Woga uupunguze kwa kujiandaa.

Jedwali la Jumatatu nalo lina ubovu wake, na ubovu huo unaweza kuuonyesha bila kumtaja mgonjwa yeyote. Tumia mama wa mikataba. Asilimia 41 ni kipimo cha vidole vyake kwenye kibodi. Kusoma mkataba hadi ukaona kifungu chenye mtego hakuna anachokigusa mtu, na simu ya nusu saa inayomtuliza mteja aliyekasirika inaandikwa kuwa ni uzembe. Mkurugenzi aulize mikataba mingapi imepita mikononi mwake na mingapi ilirudi na makosa. Yule mwenye asilimia 97 usimchongee, lakini waweza kusema kwa ujumla kwamba vidude vya kusogeza kipanya vinauzwa wazi, na kwamba mwaka 2024 benki ya Marekani ya Wells Fargo iliachisha kazi watu zaidi ya kumi kwa kuigiza kazi ya kibodi. Ukipima mguso, watu watakuletea mguso.

Kama bado anataka takwimu, aangalie za kitengo kizima bila majina. Desemba 2020 Microsoft yenyewe, baada ya kulaumiwa, iliondoa majina ya watu kwenye kipimo chake cha utendaji kilichokuwa kikimwonyesha meneja mfanyakazi mmojammoja. Au ampe kila mtu namba zake azione na kuzieleza kabla ya barua ya onyo. Mtu anayeugua akiitwa na kuulizwa kwa heshima kuna nini, anaweza kuchagua kusema naumwa, au kuleta cheti cha daktari kwa njia za kawaida za utumishi. Mlango huo wa heshima haujafunguliwa kwa rafiki yako. Ndiyo sababu nataka uupiganie ufunguliwe kwa wote watatu. Ukimtetea yeye peke yake, utakuwa umemtangaza.

Baada ya mazungumzo, andika. Usitegemee maneno ya mlango uliofungwa; ndiyo yaliyokufikisha hapa. Barua fupi inatosha, kwa mfano hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, kufuatia maagizo ya kukabidhi mafaili ya wafanyakazi watatu, naomba kukujulisha kwamba picha zilizokusanywa na mfumo zina taarifa binafsi za wafanyakazi mbalimbali, zikiwemo za afya na za benki, ambazo hazihusiani na uchunguzi wa orodha ya wateja. Wafanyakazi hawakujulishwa kuhusu mfumo huu. Nimezima kipengele cha kunasa herufi na nimefunga ufikiaji wa picha. Naomba ushauri wa kisheria upatikane kabla ya kukabidhi, na uamuzi utolewe kuhusu kuwajulisha wafanyakazi na muda wa kuhifadhi picha. Niko tayari kuwasilisha kumbukumbu za faili la wateja mara moja."

Zingatia neno wafanyakazi mbalimbali. Usiandike mmoja wa hao watatu ni mgonjwa. Na ukiulizwa ana kwa ana ni nani, jibu ni kwamba kulitaja jina ndilo kosa lenyewe unalojaribu kumwepusha nalo.

Je, anaweza kukasirika? Anaweza. Sitakuambia kwamba kazi yako haina hatari, sikujui wala simjui. Lakini wakurugenzi niliowahi kufanya nao kazi, wengi wao walirudi nyuma walipoona karatasi yenye tarehe, kwa sababu karatasi huwafanya wafikirie nani mwingine ataisoma. Akikuamuru tena utoe picha, omba agizo liandikwe na kusainiwa, na nakala iende utumishi. Akikataa kuandika lakini bado anakusukuma, kataa faili lile. Sema neno moja, samahani, hili siwezi, na ubaki hapo. Kama kuna chama cha wafanyakazi au mwakilishi wao, mwone. Nchi nyingi zenye sheria ya data zina mamlaka inayopokea malalamiko, na hapo ndipo pa kwenda, si kwenye kundi la soga la ofisi.

Kuacha kazi usiamue wiki hii. Ukiondoka sasa, atakayekaa kwenye kiti chako atakuta milango yote iko wazi na hatajua kwa nini ifungwe.

Umeniambia unaangalia chini rafiki yako akikusalimia. Uliiweka programu ile bila kuuliza swali hata moja, na hilo ni lako, sikuondolei. Lakini unaweza kuacha kumtania kuhusu uvivu. Akitoka mapema, mwambie tu aende salama, kazi ya mezani utamsaidia kuiangalia. Hilo mwenzake wa meza jirani angelifanya hata bila kujua lolote.

Nitaisubiri barua yako nyingine, unieleze alivyojibu. Akikataa kukujibu kwa maandishi, niandikie hilo pia.

Mama Mshauri